Chuo kikuu kinapotaka kujenga: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu, wafanyakazi na majirani wa vyuo vikuu vya Lubumbashi ambao siku moja huona mabati ya uzio yamesimamishwa uwanjani, malori ya mchanga yanaingia, na hakuna anayeweza kuwaambia nani aliamua. Majibu yanafuata sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na pale panapofaa tunatazama jinsi wengine walivyofanya. Jambo moja litarudi mara nyingi, kwa hiyo tulitaje mapema: mradi wa ujenzi hupona au hufa kwenye karatasi, muda mrefu kabla ya zege kumwagwa. Anayetaka kusema neno na alisemee hapo.

Rekta anaweza kuamua peke yake?

Hapana. Katika chuo cha serikali kazi za kila siku ziko mikononi mwa komite ya usimamizi, yenye rekta, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Mambo mazito hupelekwa kwenye baraza la chuo, na juu yake kuna wizara ya elimu ya juu, ESU, kule Kinshasa. Sheria ya elimu ya kitaifa ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo msingi wa mpangilio huo.

Rekta mwenye bidii anaweza kuusukuma mradi ukaenda mbio, na mara nyingi bila mtu wa namna hiyo hakuna kinachojengwa. Lakini saini yake peke yake haifungui akaunti ya Hazina, haitoi kibali cha ujenzi na haibadilishi matumizi ya ardhi. Kwa maoni yetu, mtu wa kumsikiliza kwa makini kwenye kikao cha kwanza ni msimamizi wa bajeti. Wengine wote huuliza jengo litakuwa zuri kiasi gani. Yeye anapaswa kuuliza mshahara wa mlinzi wa jengo hilo utatoka wapi.

Wazo la jengo jipya huanzia wapi?

Kwa kawaida huanzia chini: idara au kitivo kinachosongamana, maabara ambayo bomba zake zimeoza, maktaba inayovuja. Mkuu wa kitivo huandika maelezo ya hitaji, nayo hupanda hadi komite ya usimamizi. Wakati mwingine huanzia juu, kwa ahadi ya gavana au ya mbunge, au kwa kampuni inayotaka jina lake libandikwe ukutani. Njia hii ya pili si mbaya, ila inakuja na haraka, na haraka hula hatua.

Maelezo mazuri ya hitaji huanza kwa hesabu. Tuseme kitivo kina wanafunzi 900 wa mwaka wa kwanza na ukumbi wao una viti 300. Wengi hurukia kusema tujenge ukumbi wa viti 900. Kabla ya hapo, kuna maswali ya kujibu. Ukumbi uliopo unatumika saa ngapi kwa wiki? Je, unakaa tupu kila siku baada ya saa tisa mchana kwa sababu tu taa zimekufa? Kuna ukumbi wa kitivo jirani unaofungwa kwa kufuli siku tatu kwa wiki? Tukigawa kozi kwa makundi mawili, walimu wapo? Ukishajibu hayo na bado pengo linabaki, sasa unaweza kupima. Kiti kimoja cha ukumbi wa mihadhara huhitaji karibu mita moja ya mraba. Ukiongeza njia, ngazi, vyoo, stoo na unene wa kuta, unaongeza theluthi moja au zaidi. Viti 900 vinakupa jengo la mita za mraba 1,200 na kitu. Hapo mhandisi anaweza kukupa makadirio ya kwanza ya bei, na kila mtu mezani anajua anajadili kitu gani.

Tunakaza jambo hili kwa sababu maombi mengi hufika mbele yakiwa na picha ya rangi ya jengo na hayana ukurasa mmoja wa hesabu ya wanafunzi. Picha hiyo ikishatundikwa ofisini, kila mtu anaanza kuitetea.

Mpango mkuu wa kampasi ni kitu gani, na kwa nini mnausisitiza?

Ni ramani na maandishi yanayosema, kwa miaka 15 au 20 ijayo, wapi patajengwa vyumba vya masomo, wapi mabweni, barabara za ndani zitapita wapi, maji ya mvua yatatokea upande gani, na sehemu gani hazitaguswa kamwe. Mradi mmoja mmoja hupimwa kwa kuulizwa unakaa wapi katika mpango huo.

Chuo chetu kikubwa hapa kilianza masomo mwaka 1956 kama chuo rasmi cha Kongo na Ruanda-Urundi, kikaunganishwa na vingine kuwa UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire, mwaka 1971, kikarudi kujitegemea mwaka 1981 kwa jina la Université de Lubumbashi. Kila kipindi kiliacha majengo yake: mengine mjini, mengine kwenye kampasi ya Kasapa, mengine yalijengwa kwa kazi moja na leo yanafanya nyingine. Kampasi iliyokua hivyo haiwezi kuongozwa kwa kumbukumbu za wazee wa ofisi tu. Bila mpango, kila kiongozi mpya hujenga pale palipo wazi, na miaka kumi baadaye bomba la maji machafu linapita chini ya ukumbi.

Kuna habari moja inayotugusa watu wa Lubumbashi. Claude Strebelle, mbunifu Mbelgiji ambaye pamoja na wenzake walichora jumba la tamthilia la mji huu, lile tunalolijua kama Jengo la 30 Juni, alirudi Ubelgiji na katika miaka ya 1960 akawa mratibu wa ujenzi wa kampasi ya Sart-Tilman ya Chuo Kikuu cha Liège. Kule wabunifu mbalimbali walipewa kila mmoja jengo lake, lakini wote walifanya kazi ndani ya mpango mmoja wa msitu, barabara na mteremko. Kasapa nayo ina nafasi na ina miti. Inastahili mpango wenye uzito huohuo.

Chuo kikitaka kujenga, ardhi ni yake?

Hapa ndipo mahali pa kwenda polepole. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa nchi ni mali ya serikali, nayo huwapa watu na taasisi haki ya kuutumia. Ardhi iliyotengwa kwa huduma ya umma iko katika milki ya umma ya serikali, na kifungu cha 55 kinasema haiwezi kutolewa kwa mtu binafsi mpaka kwanza iondolewe rasmi kwenye matumizi hayo. Kwa maneno mengine, kipande cha kampasi hakiwezi kugeuzwa parseli na kuuzwa kwa sababu tu kimeota majani na hakuna anayekitumia. Anayekuuzia kipande hicho anakuuzia kesi.

Kwa upande wa chuo, kabla ya kuchora chochote, faili inatakiwa kuwa na hati kutoka kwa mtunza hati za ardhi, ramani ya kadasta yenye mipaka iliyopimwa upya, na ripoti ya mtu aliyetembea mpaka mzima kwa miguu. Hiyo ya mwisho hudharauliwa. Hati ya mwaka fulani inaweza kuonyesha eneo kubwa, na uwanjani ukakuta nyumba, mashamba ya mahindi na kanisa. Kumbuka pia kwamba hati ya usajili iliyokwisha kupita miaka 2 ni ngumu sana kuibomoa mahakamani, kwa hiyo chuo kinacholala huku watu wakisajili vipande vya ardhi yake kinaweza kuamka kimechelewa.

«Mimi ni mama, shamba langu la mihogo liko kando ya Kasapa. Wamekuja kupima. Nitafukuzwa?»

Mama, kwanza uliza wanaopima wametumwa na nani, na uombe kuona barua ya kazi. Kupima si kufukuza. Kama una karatasi yoyote, hata ile ya chifu au ya kartye, itoe nakala na uihifadhi mbali na nyumba. Kama huna, andika jina la walioona ukilima na tangu lini.

Ardhi ikithibitika kuwa ya chuo, bado kuna namna ya kufanya mambo. Mradi mkubwa hupaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii, na ndani yake watu wanaopoteza mazao au makazi huhesabiwa mmoja mmoja. Mama, jina lako liwe kwenye orodha hiyo. Orodha ikifungwa, aliye nje yake huhangaika sana kuingia. Nenda na majirani, msiende mmoja mmoja.

Hiyo tathmini ya mazingira ni lazima hata kwa jengo la shule?

Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka kila mradi unaoweza kuathiri mazingira utanguliwe na utafiti wa athari pamoja na mpango wa kuzisimamia, na inataka wananchi wasikilizwe. Kinachotazamwa ni ukubwa na athari. Jengo halisameheki kwa sababu ni la masomo. Mabweni ya watu 1,000 yana maji machafu ya watu 1,000 kila siku. Faili hupimwa na Agence Congolaise de l'Environnement, ACE.

Majirani wengi hawajui kwamba kikao cha kuwasikiliza ni haki yao. Hutangazwa, halafu wanakuja watu wachache, wengi wao wafanyakazi wa chuo chenyewe. Nendeni. Mkisema kisima chenu kiko mita chache kutoka shimo la choo linalopangwa, jambo hilo likiandikwa kwenye ripoti linalazimisha jibu.

Pesa hutoka wapi?

Njia kuu ni nne, na kila moja ina mlango wake wa kibali.

Bajeti ya serikali kuu. Muswada wa bajeti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba, na kikao cha bajeti huendelea hadi tarehe 15 Desemba. Chuo kinachoanza kuandika faili yake mwezi wa Oktoba kimekosa mwaka mzima. Na kuandikwa kwenye bajeti si kulipwa: mstari unaweza kupigiwa kura na fedha zisitoke. Kwa hiyo ukisikia mradi «uko kwenye bajeti», uliza swali la pili: kiasi gani kimeshalipwa?

Fedha za chuo chenyewe, ambazo kwa sehemu kubwa ni minervali na ada nyingine za wanafunzi. Ada hupangwa chini ya maelekezo ambayo wizara hutoa kila mwaka wa masomo, hivyo chuo hakiwezi kuzua ada ya jengo kikaanza kuidai dirishani. Mwanafunzi akiona mstari mpya kwenye risiti yake ana haki ya kuuliza umeidhinishwa na waraka gani.

Mkoa na migodi. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya migodi kwa serikali, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mji au sekta ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Haut-Katanga hupata sehemu yake, na bunge la mkoa linaweza kuamua kuwekeza katika chuo. Pia kampuni za migodi hutenga walau asilimia 0.3 ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zilizoathiriwa. Fedha hizi za mwisho ni za vijiji na vitongoji vilivyo kando ya machimbo. Chuo cha mjini kisizikodolee macho. Kijiji kinachokunywa vumbi la mgodi kinazihitaji zaidi.

Ya nne ni mwekezaji binafsi: anajenga mabweni, anakusanya kodi kwa miaka kadhaa, kisha anakabidhi. Tangu sheria ya ubia kati ya serikali na watu binafsi ya tarehe 9 Julai 2018 kuna utaratibu wa jambo hili. Swali la kuangalia ni kodi ya chumba itapandaje, nani ana sauti ya kuizuia, na jengo litakuwa katika hali gani siku ya kukabidhiwa. Hayo yakikosekana katika mkataba, mtoto wa mkulima wa Kasenga hatalala mle ndani.

Mfadhili akija na fedha na mchoro wake mwenyewe, tukatae?

Msikatae mtu, jadilini mchoro. Mfano unaofundisha zaidi unatoka California. Mwaka 2016 tajiri Charlie Munger aliahidi dola milioni 200 kwa chuo kikuu cha Santa Barbara, kwa sharti kwamba bweni litajengwa kama alivyolifikiria yeye, ambaye hakuwa mbunifu. Jengo lilipangwa kuwa na ghorofa 11 na kulaza wanafunzi wapatao 4,500, na vyumba karibu vyote vya kulala havikuwa na dirisha. Gharama nzima ilitajwa kufika dola bilioni 1.5, kwa hiyo zawadi hiyo kubwa ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei. Mwaka 2021 mbunifu Dennis McFadden, aliyekuwa kwenye kamati ya chuo ya kukagua michoro, alijiuzulu na kueleza sababu zake kwa maandishi. Walimu na wanafunzi wakapinga, wataalamu wakapitia upya. Mwaka 2023 chuo kikaachana na mchoro huo.

Kamati ya kukagua michoro ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni uwezo wake wa kusema hapana mbele ya hundi. Hapa kwetu kamati kama hiyo ni rahisi kuiunda: wahandisi wa kitivo cha polytechnique wapo, madaktari wa afya ya jamii wapo, wanasheria wapo. Wapewe mchoro kabla ya sherehe, na maoni yao yawekwe kwenye faili.

Msaada wa nchi rafiki nao unataka macho hayohayo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100. Ni jengo ambalo kila chuo cha kanda hii kingependa kuwa nalo. Lakini atakayepokea zawadi ya ukubwa huo lazima awe amekwisha kupiga hesabu ya umeme, lifti, mashine za hewa, ulinzi na vitabu vipya vya kila mwaka, kwa sababu mfadhili hujenga na kuondoka. Kwetu, ambako SNEL, shirika la umeme, inaweza kukata umeme katikati ya mtihani, jengo linalohitaji mashine za hewa ili watu wapumue ni jengo baya hata likiwa la bure. Jua la Lubumbashi na upepo wa kiangazi ni vitu mbunifu anayetujua huvitumia kwanza.

Kwa nini kupima udongo? Si ardhi yetu ni ngumu?

Inaonekana ngumu. Kila aliyekulia hapa anajua vichuguu vikubwa vilivyotapakaa kuzunguka mji, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wake wa mfinyanzi ndio unaochomwa kuwa matofali ya nusu ya mji. Mkandarasi mwenye haraka husawazisha kichuguu kwa tingatinga na kujenga juu yake. Chini hubaki udongo wa namna tofauti na wa pembeni, wenye mashimo ya mchwa na unyevu usiolingana. Upande mmoja wa jengo ukititia kuliko mwingine, ufa unafunguka mvua ya kwanza, na ukuta uliopakwa rangi kwa ajili ya ufunguzi unaanza kusema ukweli.

Kupima udongo ni kuchimba mashimo kadhaa mahali jengo litakaposimama, kuchukua sampuli na kuzipeleka maabara. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya jengo. Mchoro wa msingi uliofanywa kabla ya matokeo hayo ni kubahatisha, na baraza la chuo lina haki ya kuurudisha.

Hesabu pia majira. Mvua zetu huanza kwa nguvu karibu Novemba na kwenda hadi Machi au Aprili. Faili iliyochelewa Kinshasa miezi mitatu inaweza kuusukuma uchimbaji wa msingi kutoka kiangazi hadi katikati ya mvua, na bei ikabadilika. Saruji inayotoka Zambia huvuka mpaka wa Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa siku chache, kazi husimama na mkandarasi hudai fidia.

Kibali cha ujenzi kinahitajika hata kama chuo ni cha serikali?

Ndiyo. Na kibandikwe kwenye uzio, kisomeke.

Zabuni hupangwaje? Na kwa nini kila mara tunasikia jina la kampuni ilelile?

Sheria ya manunuzi ya umma ya tarehe 27 Aprili 2010 ndiyo inayotawala. Taasisi ya umma inapaswa kuwa na kitengo chake cha kusimamia manunuzi, kinachoandaa mpango wa mwaka, kinatayarisha daftari la zabuni, kinatangaza na kufungua bahasha mbele ya waliozileta. Zabuni kubwa hupita pia mikononi mwa DGCMP, idara inayokagua kabla ya kusaini, nayo ARMP husimamia taratibu na kupokea malalamiko. Kandarasi ya kukubaliana na kampuni moja bila ushindani inaruhusiwa kwa sababu chache tu zilizotajwa katika sheria, na inahitaji idhini maalumu.

Kama jina moja linarudi, inawezekana kampuni hiyo ni nzuri na wengine hawana mitambo. Inawezekana pia daftari la zabuni limeshonwa kwa kipimo chake: masharti ya ajabu, kwa mfano kuwa na uzoefu wa kujenga kumbi tatu za namna ileile katika mkoa huuhuu, au muda mfupi usiomwezesha mtu mwingine kuandaa bei. Soma masharti, acha majina. Anayepoteza zabuni huanza kwa kulalamika kwa chuo chenyewe, kisha ARMP, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi.

Kwa mafundi na kampuni ndogo za hapa: sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imehifadhi kazi ya ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa uko mikononi mwa Wakongo. Mkandarasi mkubwa wa kigeni akishinda, milango, umeme, bomba na rangi vinaweza kuwa vyenu. Jiandikisheni mapema, hati zenu za kodi ziwe sawa.

Jiwe la msingi limewekwa na wakubwa wamehutubia. Basi mradi umekubaliwa?

Si lazima. Jiwe la msingi ni sherehe. Uliza mambo matatu: mkataba umesainiwa na nani, malipo ya awali yametoka, na mhandisi msimamizi wa kujitegemea ameteuliwa? Majibu yakiwa hapana, umeona sherehe tu.

Vyuo binafsi navyo hupitia haya yote?

Mwenye chuo, awe kanisa, shirika au kampuni, huamua kupitia bodi yake, na sheria ya zabuni za umma haimhusu akitumia fedha zake. Hati ya ardhi, kibali cha ujenzi na tathmini ya mazingira vinamhusu sawasawa.

Niko Bukavu (au Goma). Majibu haya yananifaa?

Sheria ni zilezile. Ardhi si ileile. Bukavu imepanda juu ya miteremko inayoporomoka, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilionyesha kuta za matofali zisizofungwa kwa zege na nondo zinavyoanguka. Kwa hiyo ripoti ya udongo peke yake haitoshi: takeni hesabu ya uthabiti wa mteremko na mchoro unaozingatia tetemeko, na maji ya paa yaongozwe hadi mtaroni badala ya kuachwa yatafune ukingo wa jirani wa chini.

Goma ina Nyiragongo. Lava iliingia mjini tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, ukafuatwa na matetemeko ya siku kadhaa. Mchoro wa chuo cha Goma unapaswa kupitiwa na wataalamu wa volkano kabla ya kuchagua kiwanja, na mashimo yapimwe hewa, kwa sababu mazuku, ile hewa nzito inayoua bila harufu, hutulia mahali pa chini. Vyumba vya chini ya ardhi, stoo au maabara ya kuzamishwa, tungeviondoa kabisa.

Jengo likikamilika nani anathibitisha kwamba ni zima?

Kuna mapokezi mawili. Ya kwanza ni ya muda: chuo, mkandarasi na mhandisi msimamizi hupita chumba kwa chumba na kuandika kasoro. Sehemu ya malipo huzuiwa. Baada ya kipindi cha dhamana kilichoandikwa katika mkataba, mara nyingi mwaka mmoja, hufanyika mapokezi ya mwisho na fedha iliyozuiwa hulipwa. Mwaka huo ni muhimu kwetu kwa sababu unahakikisha jengo limepitia mvua nzima. Zaidi ya hapo, sheria yetu ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo bado inatumika, inawabana mbunifu na mkandarasi kwa miaka 10 kama jengo litaanguka lote au sehemu yake kwa ubovu wa ujenzi au wa udongo.

Tatizo ni kwamba kasoro zisizoandikwa hazipo. Mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yalijengwa kwa kasi kubwa na kufunguliwa Aprili 2017. Mwisho wa mwaka huohuo picha za nyufa zikasambaa, na wakala wa serikali aliyejenga akaeleza kwamba ni viungo vilivyoachwa makusudi ili jengo litanuke. Mjadala ule ungekuwa mfupi na mtulivu kama kila mkazi angekabidhiwa tangu siku ya kwanza karatasi inayoonyesha viungo viko wapi. Chuo chochote kinaweza kuifanya karatasi hiyo. Waliomo ndani ya jengo ndio wanaoona ufa ukikua. Wapewe namba ya kuandikia na mtu wa kuwajibu.

Mimi ni mwanafunzi wa kawaida. Naanzia wapi kuuliza?

Anza na wawakilishi wenu na mkuu wa kitivo. Andikeni barua moja fupi, yenye tarehe, mkiomba kuona vitu vitano: maelezo ya hitaji, ramani ya eneo ndani ya mpango mkuu, ripoti ya udongo, uamuzi wa ACE, na jina la mhandisi msimamizi. Msiweke tuhuma ndani yake. Peleka nakala mbili sekretarieti, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Jibu lisipokuja baada ya wiki chache, barua ya pili iende kwa katibu mkuu wa utawala ikiambatana na ile yenye muhuri. Kama zabuni haijatangazwa, mna muda wa kutosha. Kama mashimo ya msingi yameshachimbwa, ombeni ripoti ya udongo kwanza, leo.